Fundi Umakant na Stika Nyekundu

Simu ya thelathini na nane ilifunguka sawasawa na zile thelathini na saba zilizotangulia. Umakant alizungusha bisibisi, akanyanyua mgongo wa simu kwa ukucha wa kidole gumba, akasogeza taa, na pembeni mwa betri akakiona kile alichokuwa anaomba asikione: stika ndogo kuliko punje ya mchele, nyekundu. Ilitakiwa iwe nyeupe. Ikigeuka nyekundu maana yake simu imeingia maji, na simu iliyoingia maji kampuni haiitambui. Haiitengenezi, haiibadilishi, mwenye simu atajijua mwenyewe.

Akaweka bisibisi chini, akavua miwani, akatukana kwa Kigujarati. Lilikuwa tusi dogo tu, maana mbele ya kaunta walisimama akina mama wanne wa Kariakoo, na Umakant hakuwa mtu wa kutukana mbele ya akina mama hata kwa lugha wasiyoijua.

Mzee huyu alizaliwa Upanga, akarithi kwa baba yake duka la ufundi lililoko upande wa Mchafukoge, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Ametengeneza redio za kaseti, televisheni zenye kisogo kirefu, deki za video, na sasa simu. Miaka thelathini na mmoja amekaa kwenye kiti kile kile. Mafundi wenye mikono myepesi kuliko yake wamejaa Kariakoo, wengine wanafungua simu barabarani juu ya stuli huku wanapiga soga. Yeye alichokuwa nacho ni neno lake. Akikuambia kimekufa, kimekufa, nenda kanunue kingine. Akikuambia kitapona, rudi kesho. Watu walitoka Buguruni kuja kusikia neno hilo, na wengine hawakuleta hata kitu cha kutengeneza, walikuja kuuliza tu kama alichowaambia fundi mwingine ni kweli.

Kwa sababu ya neno hilo, miaka tisa iliyopita kampuni ilimfuata. Ni kampuni ya ng'ambo yenye jina refu ambalo hakuna anayelimaliza. Nembo yake ni ndege aliyesimama kwa mguu mmoja, kwa hiyo Kariakoo wakaziita simu zake Korongo, na Korongo ikawa. Nusu ya mji huu inaongea kwa Korongo. Kampuni ikamletea Umakant bango la kijani la kuning'iniza mlangoni, muhuri wa duara na mabunda ya fomu, akawa fundi aliyeidhinishwa.

Wasichomwambia siku ile ni kwamba atakuwa analetewa aibu zao zote. Maana Korongo, pamoja na umaarufu wake, ina tabia ya kuangusha kitu kila baada ya mwaka au miwili, na kinapoanguka, kinaangukia kwenye kaunta ya Umakant. Walileta spika ya kuongea nayo, unaiita jina inaitika. Kiingereza cha Mchafukoge haikukielewa hata neno moja, lakini tangazo la kipaza sauti la muuza dawa ya panya na kunguni lilipopita nje, iliitika vizuri sana, ikauliza inaweza kusaidia nini. Ikaja chaja ya haraka iliyoyeyusha soketi za watu. Ikaja saa janja ya kuhesabu hatua. Kasmir, mbeba mizigo wa sokoni, aliivaa wiki nzima, na kila jioni ilimkemea kwamba ameketi tangu asubuhi, ainuke atembee. Saa ilihesabu hatua kwa kucheza kwa mkono, na mikono ya Kasmir ilikuwa juu, imeshika gunia kichwani.

Kila mara kampuni iliomba radhi kidogo, ikaondoa kitu chake kimyakimya, na mwaka uliofuata ikauza simu nyingi zaidi ya mwaka uliopita. Umakant hakuelewa. Yeye angeharibu redio tatu tu kwa mkupuo, mtaa mzima ungemhama.

Sasa ilikuwa zamu ya Korongo Saba. Ilikuja na bango kubwa pale Msimbazi, simu imezamishwa kwenye ndoo ya maji na kioo kinawaka, pembeni msichana anacheka. Haiingii maji, ndivyo walivyosema. Watu waliipigania. Na haikupita miezi miwili, zikaanza kuletwa kwa Umakant zimezima, kioo cheusi, haziwaki hata kwa chaji. Akizifungua, stika nyekundu.

Wiki ya kwanza aliamini ni maji. Wiki ya pili alianza kukuna kichwa, kwa sababu wanaume waliokuja na Korongo Saba walikuja na vioo vilivyovunjika tu, ndani stika nyeupe pe. Zilizokufa zote zilikuwa za wanawake, na si wanawake wowote, wale wa sokoni. Wiki ya tatu alielewa, na alipoelewa akajiona mjinga kwa kuchelewa.

Mwanamke anayefanya biashara Kariakoo haweki simu kwenye mkoba. Mkoba unachanwa kwa wembe na mwenyewe hasikii. Haiweki mfukoni, gauni lina mfuko gani? Anaiweka kifuani, ndani ya sidiria, inakaa humo tangu anapofungua kibanda mpaka anapofunga, na joto la Dar mnalijua. Simu iliyozamishwa kwenye ndoo kwa dakika mbili ikatoka inacheka ilikuwa haijawahi kulowekwa jasho kwa saa kumi. Chumvi ilipita kwenye kitundu cha spika ya sikio, polepole, siku baada ya siku, ikala bodi. Ulikuwa ubovu wa kiwanda. Kitundu kile kilihitaji mpira mdogo tu.

Kama mambo yangekuwa mepesi hivyo, Umakant angeandika na yakaisha. Lakini fomu ya kampuni ilikuwa na swali la sita: simu ilihifadhiwa wapi? Na yeye alilazimika kumuuliza mwenye simu.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Josepha, muuza nguo za watoto. Alitazama feni ya darini muda mrefu.

"Mkobani," akasema.

Josepha hakuwa na mkoba. Hakuwahi kuonekana na mkoba. Lakini Umakant angemwambia nini mke wa mtu? Aliinamisha kichwa, akaandika mkobani. Akaja wa pili, mkobani. Akaja Euphrasia, mama wa Kirombo mwenye duka la vitenge, mtu mzima ambaye ukimsikia anabishana bei utadhani haogopi chochote chini ya jua. Alipoulizwa swali la sita akakohoa.

"We fundi, maswali gani hayo? Andika mkobani."

Akaandika. Thelathini na nane zote aliandika mkobani, kwa heshima tu, ili asimtie mtu aibu. Sehemu ya chini, kwenye sababu ya kukataliwa, mfumo wa kampuni ulitaka neno moja, MAJI. Na chini ya MAJI likaja jina lake na muhuri. Yaani alikuwa anawaambia watu kwa maandishi kwamba wameangusha simu zao majini, akijua si kweli, nao wanajua kwamba anajua. Kariakoo wakaanza kusema. Mzee Umakant siku hizi amekuwa wa kampuni. Aliyasikia kwa masikio yake, akinunua ndizi, kutoka kwa watu waliokuwa wamemgeuzia mgongo.

Hapo ndipo alipoandika barua ofisini kwao, kurasa mbili, na mchoro wa kitundu akauchora mwenyewe. Baada ya siku kumi wakamtuma Benedict, kijana wa kitengo cha ubora, shati la kijani lenye ndege kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kaa."

Benedict hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Umakant zaidi, maana hakuwa na wa kumkasirikia. Kijana alisikiliza mpaka mwisho. Aliutazama mchoro, akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akafungua kishkwambi chake, akazipitia fomu moja moja.

"Mzee, mimi nakuelewa. Ila hapa umeandika mkobani. Hapa mkobani. Hapa mkobani. Jasho la mkobani linatoka wapi?"

Umakant alisikia uso unamwaka. "Wanaona haya kusema. Hata mimi niliona haya kuandika. Wewe una mama, si unajua?"

"Najua. Mama yangu mwenyewe anaiweka huko huko." Benedict alishusha sauti. "Lakini ofisini hawasomi ninachojua, wanasoma fomu. Thelathini na nane zinasema mkoba, na zote ni mkono wako na muhuri wako. Nipatie hata mmoja aseme ukweli, asaini, basi nina pa kuanzia. Nitarudi Alhamisi saa nne."

Umakant alipobaki peke yake alikaa akiutazama muhuri. Heshima yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa shahidi wa kampuni. Angeweza kuupiga ukutani muhuri ule.

Siku mbili alizunguka kuomba. Josepha alimcheka usoni. Mwingine alimuuliza kama amechanganyikiwa. Euphrasia alimsikiliza huku anakunja kitenge, akamwambia: "Fundi, mimi ni mama wa kanisa. Nikaseme mbele ya kijana mdogo naweka simu kwenye maziwa, halafu aandike, halafu isomwe na wazungu? Simu ife tu." Umakant hakuweza hata kumlaumu. Alirudi Upanga Jumatano akiwa amechoka, amenuna, hataki chai.

Nyumbani kulikuwa na Korongo nyingine iliyokufa, na hiyo ilikuwa hapo tangu Jumapili. Ilikuwa ya mkewe, Harshida. Nyumba ya fundi, kila kitu kibovu husubiri kwanza vya watu vipone, na Harshida alikuwa ameshaacha kulalamika miaka mingi iliyopita. Umakant aliichukua kwa hasira tu, ili mikono ipate kazi, akaifungua juu ya meza ya kulia. Nyekundu.

Alimtazama mkewe. Harshida alikuwa anakanda unga wa chapati, mtandio wa sari umepita begani, na Umakant akakumbuka kwamba tangu walipooana hajawahi kumwona na mkoba. Funguo za nyumba, leso, simu, vyote vilikaa ndani ya blauzi, chini ya sari. Jumamosi husimama jikoni hekaluni tangu alfajiri akiwapikia watu mia mbili, simu humo humo.

Alimweleza yote. Harshida aliendelea kukanda.

"Kwa hiyo unataka mimi."

"Sitaki. Nakuambia tu."

"Baba Charmi, usinifanye mtoto. Unataka mimi nije dukani nimwambie kijana wa watu."

Umakant alikuwa na nafasi ya kusema hapana, acha. Hakuisema. Aliyakumbuka majina ya wale akina mama, akayasikia tena maneno ya pale kwenye ndizi, na akasema jambo ambalo kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kumwambia mtu juu ya kitu ambacho hajakifungua na kukiona kwa macho yake.

"Ukisema wewe, watabadilisha zote. Nakuahidi."

Alhamisi saa nne Harshida alishuka kwenye bajaji mbele ya duka. Hakuwa mtu wa kuja dukani. Alivaa sari ya bluu aliyoivaa kwenye harusi ya mtoto wao Charmi, na nywele alizitia mafuta. Benedict alisimama kumpa shikamoo. Ndani kulikuwa na Josepha aliyekuja kuuliza habari za simu yake, na watu wengine wawili watatu. Euphrasia alikuwa mlangoni, akijifanya anapita.

Kijana aliuliza swali la sita akiwa ameinamia kishkwambi. Harshida alivuta pumzi. Umakant alitamani sana kumwambia rudi nyumbani, lakini hakumzuia.

"Kifuani," alisema Harshida, kwa Kiswahili chake cha polepole, sauti ya kusikika na wote. "Ndani ya blauzi. Kila siku. Asubuhi mpaka jioni. Jasho linaingia. Andika."

Hakuna aliyecheka. Benedict alikuwa amewiva uso mzima, lakini aliandika, akampa kalamu asaini. Kisha Euphrasia akaingia mzima mzima.

"Na mimi andika. Kifuani. Mkoba nautoa wapi mimi?"

Josepha akafuata. Mmoja akatoka nje kwenda kuwaita wengine, na mpaka saa nane mchana walikuwa wamekuja ishirini na sita mbali na Harshida, wamesaini, wengine sasa wanataniana nani ana nafasi kubwa zaidi ya kuwekea simu. Fomu za zamani zikafutwa, mpya zikaandikwa. Umakant alijaza mpaka vidole vikafa ganzi. Siku hiyo alifunga duka akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu bango la kijani liletwe. Alimwambia Harshida ndani ya bajaji kwamba yamekwisha. Yeye alitazama nje tu, akasema vizuri.

Wiki tano zikapita. Akina mama walipita kuuliza, mwanzo kwa mzaha, kisha bila mzaha. Umakant aliwaambia bado kidogo. Harshida hakuuliza. Alikuwa anatumia kisimu cha tochi, na Jumamosi mbili hakwenda hekaluni, anasema kichwa kinauma. Umakant alijua kuna mtu aliyepeleka maneno huko.

Barua ilikuja Jumatatu, na bahasha ilikuwa nene. Harshida alikuwepo. Alikuwa ametoka kununua mboga Kisutu, akapita kumletea chakula, akakaa kwenye stuli ya wateja. Umakant aliisoma haraka mara ya kwanza, midomo ikicheza bila sauti, kisha akaanza tena polepole.

"Wanasemaje?"

Umakant alirudi kwenye ukurasa wa kwanza.

"Baba Charmi, wanasemaje?"

Kampuni ilimshukuru kwa taarifa zake muhimu kutoka sokoni. Ilisema uchunguzi umethibitisha kwamba tatizo la Korongo Saba linatokana na kuihifadhi simu mwilini. Kwa hiyo, kuanzia sasa, simu yoyote itakayobainika kuwekwa kifuani haitahusika na waranti. Fomu zote ishirini na saba zenye neno kifuani zifungwe kama matumizi yasiyo sahihi. Fundi agonge muhuri na kuzirudisha kabla ya Ijumaa. Korongo Nane, ilisema barua kwa furaha kabisa, ingetoka mwezi ujao ikiwa na mpira kwenye kitundu cha spika ya sikio.

Walikuwa wamechukua mchoro wake. Ukweli walikuwa nao, ushahidi walikuwa nao, na dawa walikuwa nayo, na vyote vitatu wamevitumia kuwafungia watu mlango. Umakant alisikia hasira inampanda mpaka meno yakamuuma.

Kitu kingine kilichokuwa ndani ya bahasha kilikuwa bango la karatasi, la kubandikwa kwenye kila kituo cha huduma. Harshida alilichukua kabla Umakant hajamzuia, akalikunjua juu ya kaunta. Lilikuwa na mchoro wa mwanamke. Mchoraji alimpa kila kitu, gauni, hereni, tabasamu, na simu inayochungulia kifuani. Juu ya kifua kulikuwa na alama kubwa ya kosa, nyekundu, na chini maneno: Usiwe kama huyu.

Harshida hakuwa msomaji mwepesi wa Kiswahili. Alifuatisha maneno kwa kidole, moja moja, mpaka mwisho.

"Wamenichora," alisema.

"Si wewe. Ni mtu tu."

"Wewe uliniambia nikisema watabadilisha zote." Hakupandisha sauti. "Uliniahidi. Sijawahi kukusikia unamwahidi mteja kitu hujakifungua."

Umakant alivuta rundo la fomu, ya juu kabisa ilikuwa ya mkewe, na pale penye sababu, mahali pa neno moja la mfumo, akaandika kwa kalamu, herufi kubwa: UBOVU WA KIWANDA. Akaweka jina lake na muhuri wa duara. Akaenda ya pili, ya Euphrasia. Akaenda ya tatu. Alijua Ijumaa wangekuja kuchukua muhuri na kushusha bango la mlangoni, na kwamba hakuna simu hata moja itakayobadilishwa kwa maneno yale. Aliziandika zote ishirini na saba, na mkono ulikuwa mzito kila alipofika kwenye jina lake.

Alipomaliza, akainua kichwa ili amwonyeshe. Stuli ilikuwa tupu, chakula kiko pale pale juu ya kaunta. Harshida alikuwa ameshavuka barabara, anasimamisha bajaji, na lile bango la karatasi alikuwa ameondoka nalo, amelikunja mara nyingi mpaka limeenea kwenye ngumi yake.